Sura anayosoma chuoni unaijua, ukurasa wa shuleni je?

Huku kwetu mzazi wa shule ya msingi huitwa shuleni kwa mambo mawili: mchango au kesi. Mtoto akija na kikaratasi, au ujumbe ukidondoka kwenye grupu la WhatsApp la darasa, unajua tu kwamba ni hela ya mlinzi, ni madawati, ni mtihani wa kujipima, au mwanao kampasua mwenzake kichwa. Mwisho wa mwaka tunakaa mkutanoni chini ya mwembe, matokeo yanasomwa, kisha anasimama mheshimiwa mmoja kutuambia wazazi wa Kigoma hatuna mwamko wa elimu. Tunapiga makofi, tunatawanyika. Mimi hayo ya kukosa mwamko siyaamini, na nitasema kwa nini.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, nauza madaftari, kalamu, rula na karatasi za manila, na Januari naongeza soksi na mabegi. Pia ni mjumbe wa kamati ya shule wanakosoma wanangu wawili wa mwisho. Kama unataka kuwajua wazazi, kaa nyuma ya kaunta ya steshenari wiki ya kwanza ya Januari. Anakuja mama na hela zimeviringishwa kwenye ncha ya kitenge, noti zinanuka dagaa, na orodha ya mahitaji ameikunja mara nne. Anahesabu madaftari moja moja. Anauliza kama haya ya kurasa themanini yanatosha Hisabati au achukue kaunta buku ya kwaya mbili idumu. Anarudisha begi la bei nafuu kwa sababu zipu yake haitafika Pasaka. Mtu asiyejali hahangaiki hivyo. Kujali kupo, tena kwingi. Ninachokiona mimi ni kwamba kujali huko hakuna mahali pa kushika.

Twende Ujiji kidogo. Pita Kitongoni au Rusimbi jioni, watoto wanatoka chuo cha Kurani, juzuu wamezikumbatia kifuani. Muulize mama yeyote anayekaanga mihogo barazani mwanawe amefika wapi. Hatafikiri. Atakwambia, "Yuko sura ya Alam tara, juzi tu alikuwa Li ilafi, ila ustadhi kasema asiende mbele mpaka ainyooshe." Huyo mama huenda hakumaliza chuo mwenyewe, na ukimpa msahafu wazi hatausoma vizuri. Lakini usiku mtoto akisoma huku yeye mama anaosha vyombo, mtoto akiruka aya moja tu, mama anasikia. "Rudia hapo." Mtoto anarudia. Baba naye akirudi ziwani asubuhi anamwambia, "Hebu nisikie ulipofika."

Sasa muulize mama huyohuyo, mtoto huyohuyo, shuleni amefika wapi. "Yuko la tatu." Basi. La tatu wamo zaidi ya mia, na kila mmoja wao yuko mahali pake.

Najua nitaambiwa imani ni kitu kingine, na kwamba mtu hufuatilia dini ya mwanawe kuliko kitu chochote. Ni kweli. Na ndugu zangu Wakristo wa Kasulu na Kibondo watasema mafundisho ya komunyo ya kwanza ni hayohayo, mtoto anakariri sala nyumba nzima inamsahihisha. Lakini ukiiweka imani pembeni, tazama namna kazi yenyewe inavyokwenda. Chuo kinampa mtoto kipande kidogo, kinachosomwa kwa sauti, na kinachoweza kusikilizwa na yeyote aliyepo nyumbani. Asipokiweza haendi kingine. Mzazi hahitaji kuitwa na mtu ili ajue, sauti inamfikia jikoni.

Shule inampa mzazi nini? Inampa daftari lenye tiki nyekundu na neno "vizuri", na mara mbili kwa mwaka ripoti inayosema mtoto ni wa 41 kati ya 118. Wa 41 katika nini? Anasoma sentensi ndefu au anabahatisha? Kutoa kwa kukopa anakuweza? Ripoti haisemi. Mzazi ana mawili ya kufanya na karatasi ile: kumpongeza mtoto au kumchapa, na yote mawili hayana uhusiano na kujifunza. Baraza la Mitihani lenyewe mwaka 2023 liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa, lakini huku madarasani namba bado ndiyo habari pekee inayofika nyumbani. Na mwaka ukiisha mtoto anapanda darasa hata kama kitabu cha mwaka uliopita hakikuingia, anapanda na anapanda, mpaka mtihani wa taifa wa darasa la nne umkwamishe. Hapo ndipo mzazi anasikia kwa mara ya kwanza, na anasikia akiwa ameitwa kwa kesi.

Siwalaumu walimu katika hili. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Darasa la watoto mia moja ni la kawaida sana mkoani kwetu. Mwalimu akiamua kumsikiliza kila mtoto akisoma, asifundishe kitu kingine, asikohoe, asimnyamazishe mtu, kila mtoto anapata sekunde 18. Katika sekunde 18 mtoto anayeanza anasoma "Baba analima shamba la" na muda umekwisha kabla hajasema la nini. Kwa hiyo walimu wanasomesha kwa pamoja, darasa zima linaimba sentensi iliyoko ubaoni, na mtoto wa nyuma anafungua mdomo tu akiwafuata wenzake. Kutoka nje utadhani wote wanajua.

Shirika la Twaweza walipoanza utafiti wao wa Uwezo, wa kupima kama watoto wanajifunza, mwaka 2010, walifanya jambo moja la busara: waliwafuata watoto majumbani badala ya madarasani. Mtoto alisomeshwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili mbele ya watu wa nyumba yake. Kitaifa, waliokuwa darasa la tatu na wakaiweza kwa Kiswahili walikuwa kama theluthi moja. Kilichonigusa zaidi ni hilo la mbele ya watu wa nyumba yake. Daftari lilishajaa tiki, na mtoto hasomi. Kumbe kumjua kulihitaji karatasi moja na dakika tano.

Hapa ndipo mtu ananiambia: sawa, lakini mzazi ambaye hajui kusoma atamsikilizaje mtoto? Nina jibu, na jibu hilo ni mteja wangu.

Kuna bibi mmoja wa Kibirizi, mkaushaji dagaa, ambaye huja dukani na mjukuu wake wa darasa la pili. Bibi hajui "a" wala "be", na halifichi jambo hilo. Siku moja, wakati namtafutia kalamu za risasi, alimsogeza mtoto kwenye bango la wanyama ninalouza, akamwambia amsomee. Mtoto akasoma kwa kasi: "Twiga ana shingo ndefu." Bibi akafunika picha ya twiga kwa kiganja. Akaweka kidole kwenye neno la katikati. "Hili peke yake." Mtoto kimya. Akahamisha kidole kwenye la mwisho. Kimya. "Haya, anza huku mwisho urudi nyuma." Mtoto akaanza kuvuta silabi, nde-fu, shi-ngo, jasho linamtoka puani, na sasa alikuwa anasoma kweli.

Nikamuuliza, "Bibi, umejuaje kwamba alikuwa amekariri?"

"Mwanangu, mtu anayesoma macho yanatembea. Huyu alikuwa ananiangalia mimi."

Kile kidole na kile kiganja ni mbinu ambazo mwalimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, angezifurahia. Kiswahili kinamsaidia mzazi hapa kuliko lugha nyingi, kwa sababu herufi zetu zinasomwa zilivyoandikwa, na mtoto aliyezishika silabi anaweza kusoma hata neno asilolijua. Ukimpa neno geni akaliweza, amefika. Akiliweza lile la kwenye picha tu, bado. Bibi hahitaji kujua jibu. Anahitaji kukaa naye na kutokubali kudanganywa, na kwa kutodanganywa wauza dagaa hawana mpinzani.

Hesabu ndiyo usiseme. Wanawake wale wa mwaloni, dagaa zinakoshushwa, wanakumbuka madeni ya wateja wa msimu mzima bila kuandika. Mjukuu akisimama pembeni anaulizwa: sado moja elfu nane, huyu anataka tatu na nusu, katoa noti tatu za elfu kumi, chenji ngapi? Mtoto anayeijibu hiyo papo kwa papo ndiye yuleyule anayeshindwa 8,000 × 3½ ubaoni, maana hajaambiwa kwamba ni kitu kimoja. Mzazi akimwambia, "Leo mmefanya nini cha hesabu? Hebu tukifanye kwa dagaa," amemaliza kazi ya wiki. Naongeza tahadhari hapo hapo, kwa sababu najua ninakoishi: mtoto aulizwe jioni, asizuiwe kwenda shule ili awe mwanika dagaa. Dagaa zikitoka kwa wingi madarasa ya karibu na ziwa yanapungua watoto, na hilo ni letu wazazi, hakuna wa kumsingizia.

Ukitoka mjini ukaelekea Buhigwe kwa mama mkwe wangu, mambo yanabadilika. Huko mtoto anaanza shule akiwa na Kiha chake kizima na Kiswahili cha kuombea maji. Miaka ya nyuma nilikuwa nasikia wazazi wakiambiwa waache Kiha nyumbani ili watoto wasichelewe. Ushauri ule siupendi. Mama mkwe anafanya hivi: mtoto anasoma hadithi ya kitabu kwa Kiswahili, kisha anamsimulia kwa Kiha. Mtoto aliyetamka tu bila kuelewa, hapo anakwama, hana cha kusimulia. Aliyeelewa anaongeza na vikorombwezo vyake, sungura anakuwa wa Muyama na fisi anapewa jina la jirani. Hakuna mtihani wa ufahamu unaoshinda huo, na unafanywa na mama mkwe aliyekaa juu ya mkeka akichambua maharage.

Sasa turudi kwenye mchango na kesi. Nadhani mambo haya yalikorogeka kwa sababu ya namna tulivyoelewa fedha. Ada ya shule ya msingi ilifutwa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Januari 2016 elimu bila malipo ikafika mpaka kidato cha nne, michango ya lazima ikapigwa marufuku. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, madarasa yakafurika. Lakini wengi walisikia kwamba mtoto sasa ni wa serikali. Waraka wa mwaka 2016 uliorudi kufafanua majukumu ulimwachia mzazi sare, madaftari, kalamu, chakula na matibabu. Kwa upande wa serikali, ruzuku ya uendeshaji imepangwa kwenye 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 kushuka shuleni. Gawa kwa miezi 12, ni shilingi 500. Ndiyo chaki, ukarabati, mitihani, utawala na michezo. Mwalimu mkuu aliyekaa na hesabu hiyo, akimwona mzazi getini, anaona nini? Anaona mlinzi hajalipwa. Na mzazi akimwona mwalimu mkuu anashika mfuko. Mkutano unaanza hivyo, unaisha hivyo.

Ajenda za mikutano yetu nazikumbuka kwa mpangilio wake: kufungua, kuthibitisha muhtasari, vyoo, madawati, uji, mlinzi, taaluma, mengineyo. Ikifika taaluma jua limeshawaka, akina mama wana watoto mgongoni, na mwalimu wa taaluma anapewa dakika chache asome wastani. Sijawahi kuona wastani ukisaidia mtu kufanya kitu nyumbani.

Na ni nani alikuwa anakuja? Mkutano ulikuwa unaitwa katikati ya wiki saa nne asubuhi. Wavuvi wa dagaa ziwani hufanya kazi usiku kwa taa. Saa nne asubuhi wamelala au wanashona nyavu. Wake zao wako juani wanageuza dagaa kabla mawingu hayajakusanyika. Halafu tunasema hawana mwamko. Kuna mjumbe mwenzetu, mvuvi wa zamani, alisema jambo lililokuwa wazi tangu enzi za mababu: mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, vyombo vinakaa ufukweni siku kadhaa. Iteni mkutano mbalamwezi, jioni. Tuliita. Mwenyekiti alilazimika kuazima viti kwa jirani, na safari hii kulikuwa na wanaume.

Ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa mwaka 2024 kupumzisha samaki, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, baadhi yetu tulidhani akina baba wote watakuwa nyumbani na tutawapata. Haikuwa hivyo kabisa. Wengi walitoka kutafuta vibarua kwingine, na njaa ikiwa ndani mtu hakai kumsikiliza mtoto akisoma. Mtu akiniambia ushirikiano wa mzazi ni suala la moyo tu, namkumbusha miezi ile.

Mkoa wetu hauna upungufu wa miradi ya jambo hili. EQUIP-T ilipita hapa na Tabora, na baadaye ikaja Shule Bora, na kutoka huko tumepata UWAWA, ushirikiano wa wazazi na walimu wenye wawakilishi wa wazazi kwa kila darasa. Naupenda muundo wake kuliko kamati yetu, nasema hivyo nikiwa mwanakamati. Kamati kazi yake ni fedha na majengo, haina muda wa kujua kwamba darasa la pili B wamekwama kwenye "ng'" na "ny". Mwakilishi wa darasa anaweza kulijua hilo na kulisema kwenye grupu: wiki hii wanasoma maneno ya ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, waulizeni. Pale kwetu mama mmoja mwakilishi, anauza mawese sokoni, amejipa kazi ya kurekodi sauti kila Jumapili akisema watoto wanajifunza nini wiki inayokuja. Anatuma sauti kwa sababu anajua wengine hawawezi kusoma ujumbe. Zinasikilizwa sokoni, simu moja watu watano.

Kuhusu tuisheni sitasema mengi. Anayeweza alipe, ila kulipa tuisheni ili usimsikilize mtoto ni kununua kitu kingine. Na kumsikiliza maana yake dakika kumi, bila fimbo pembeni. Mtoto anayesoma huku anaitazama fimbo hasomi.

Kikwazo kilichobaki ni vitabu. Huwezi kumsikiliza mtoto akisoma kama nyumbani hakuna cha kusomwa, na vitabu vya shule vimefungiwa kabatini ofisini. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na wazazi wenye simu kubwa huwa wananiletea niwafungulie. Lakini kumwachia mtoto wa miaka minane simu yenye bando ili asome hadithi ya sungura ni kumjaribu Mungu. Kitabu kinapaswa kwenda nyumbani.

Tulilileta mkutanoni. Mwalimu mkuu akauliza la haki kabisa: kikipotea nani analipa, maana mkaguzi akija hesabu ya vitabu ataulizwa yeye. Baba mmoja akasema mbuzi wake hula hata cheti cha ubatizo. Mwingine akasema mzazi asaini daftari anapokipokea, na asiyejua kusaini aweke dole gumba. Ulikuwa mjadala mrefu kuliko wa choo, na ulikuwa mara ya kwanza kuona wazazi wakigombania kitabu. Mwishowe mwalimu mkuu amekubali darasa la tatu tu, kitabu kitoke Ijumaa kirudi Jumatatu, kwa sahihi. Darasa la kwanza na la pili amekataa, anasema wadogo mno, watavichana. Mimi nasema hao ndio hasa wanaovihitaji, na mbalamwezi ijayo ninaileta tena, safari hii nimeomba iwe ajenda ya pili, kabla ya vyoo.